Nani Anakaa Wapi? Ukubwa wa gari, nafasi ya ndani na usalama wa kila siti

Mpwa wangu alikuwa wa kwanza kupanda. Alipenya katikati ya viti vya safu ya pili, akajitupa kwenye siti ya nyuma kabisa, kisha akaniita: "Mjomba, njoo! Hapa ndiyo kwangu."

Niliingia kwa kujikunja. Sakafu ya pale nyuma iko juu na siti iko chini, kwa hiyo magoti yalinikaribia kidevuni. Nilipoegemea nikageuza shingo, nikaona kioo cha mlango wa buti. Kati ya kioo na kisogo changu ungepita upana wa kiganja, basi. Nyuma ya kioo hicho kulikuwa na bampa, na nyuma ya bampa hakukuwa na kitu kingine.

Dada alikuwa ameshika usukani, uso umemng'aa. "Kaka, watu saba tunaenea, na Mama ndani. Halafu gari lenyewe kubwa. Hata ajali ikitokea, si tutakuwa salama?"

Nikamwambia nitalitazama vizuri kwanza.

Tangu siku hiyo swali lake limekuwa likinirudia, hasa usiku. Alikuwa ameuliza maswali mawili kwa pamoja, la nafasi na la usalama, akategemea jibu moja. Nami nilihisi kwamba majibu yako mawili, na kwamba pengine yanavutana.

## Uzito una haki yake

Niseme mapema kwamba wanaoamini gari zito linalinda hawajakosea. Fizikia iko upande wao.

Chukua magari mawili yanayogongana uso kwa uso, kila moja likiwa kwenye kilomita 64 kwa saa. Moja lina kilo 1,000, jingine kilo 2,000. Yakigandamana, hayasimami pale yalipokutana. Lile zito linaendelea kusukuma na lile jepesi linarudishwa lilikotoka, yote mawili yakienda kama kilomita 21 kwa saa. Maana yake, aliye ndani ya gari zito amepoteza mwendo wa kilomita 43 hivi kwa saa. Aliye ndani ya jepesi amebadilishiwa mwendo kwa kilomita 85, tena kwa muda ule ule wa kufumba na kufumbua.

Mwaka 2009 taasisi ya Marekani inayogharamiwa na kampuni za bima, IIHS, ililionyesha jambo hili waziwazi. Waligongesha Smart Fortwo na Mercedes C-Class, Honda Fit na Honda Accord, Toyota Yaris na Toyota Camry. Kila jozi ilitoka kwa mtengenezaji mmoja au makampuni ya ukoo mmoja, ili asije mtu akasema tatizo ni ubora wa kiwanda. Magari madogo matatu yale yalikuwa na alama nzuri katika jaribio la kugonga kizuizi. Yalipokutana na kaka zao wakubwa, yote matatu yaliwaumiza vibaya sanamu wa majaribio waliokalishwa ndani badala ya watu.

Je, alama zao nzuri zilikuwa za uongo? Hapana. Gari linapogongeshwa kwenye kizuizi kisichosogea, ni kama linakutana na gari jingine lenye uzito sawa na wake. Linapimwa dhidi yake lenyewe. Ndiyo sababu wapimaji wenyewe husema nyota za usalama wanazolipa gari zilinganishwe ndani ya daraja moja la magari: nyota 5 za kigari kidogo na nyota 5 za gari la tani mbili si kitu kimoja.

Hili husahaulika sana. Nimeona watu wazima wenye akili zao wakiweka karatasi mbili mezani, wakahesabu nyota, wakasema "yako sawa".

## Lakini Bel Air ilikuwa kubwa pia

Mwaka huo huo wa 2009, IIHS iliadhimisha miaka 50 kwa mgongano mwingine. Upande mmoja Chevrolet Bel Air ya mwaka 1959, gari refu, pana, la chuma kinene. Upande wa pili Chevrolet Malibu ya mwaka 2009, fupi zaidi kwa karibu nusu mita.

Nimeitazama video hiyo mara nyingi. Boneti ya Bel Air inakunjika, lakini haiishii hapo. Nguzo ya kioo cha mbele inarudi nyuma, usukani unamfuata dereva, mlango unafunguka. Chumba chote cha mbele kinaporomoka. Katika Malibu, pua yote inasagika mpaka gurudumu la mbele, kisha kusagika kunakoma. Mlango uko pale pale. Dereva wa Malibu angetoka na jeraha la mguu. Wa Bel Air asingetoka.

Huyo ndiye "gari la zamani, chuma kweli" tunayemsifia vibarazani.

Tofauti ilianza na wazo la mhandisi wa Mercedes, Béla Barényi, aliyelichora mwanzoni mwa miaka ya 1950 na likaingia barabarani mwaka 1959: pua na mkia wa gari viachwe vibonyee, katikati pabaki pagumu. Anayebonyea anatoa muda. Ukiwa kwenye kilomita 64 kwa saa na ukasimamishwa ndani ya sentimita 60, mwili wako unahimili nguvu kama mara 27 ya uzito wake. Ukasimamishwa ndani ya sentimita 30, nguvu hiyo inakuwa mara 54. Sentimita 30 hizo, urefu wa rula ya shule, zinaweza kuamua kama mbavu zinapona.

Kwa hiyo nilijikuta nimegawa ukubwa wa gari katika mafungu. Kuna uzito, unaoamua nani anamsukuma nani. Kuna urefu ulio mbele na nyuma ya watu, unaoamua wanasimamishwa taratibu kiasi gani. Halafu kuna chumba chenyewe, ambacho kazi yake ni kubaki na umbo lake.

Gari linaweza kuwa na moja kwa wingi na jingine kwa uhaba.

## Chumba hakifuati urefu

Hapa ndipo nilipokaa sana, kwa sababu ndipo tunapouziwa maneno.

Mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, huyapanga magari ya saluni kwa ujazo wa ndani, watu pamoja na buti. Lenye lita kati ya 3,110 na 3,400 hivi ni la wastani. Likipita hapo ni kubwa. Urefu wa nje hauulizwi. Lakini ukifika kwenye SUV, yale magari yaliyoinuka ya mtindo wa jipu, kipimo kinageuka kuwa uzito linaoruhusiwa kufikia likiwa limepakia. Yaani SUV inaweza kuitwa kubwa bila mtu yeyote kuuliza kama magoti yako yanaenea.

Na mara nyingi hayaenei. SUV iliyojengwa juu ya chesisi ya ngazi, yaani fremu ya vyuma yenye umbo la ngazi, ina sakafu iliyokalishwa juu ya vyuma hivyo, na shafti ya kwenda magurudumu ya nyuma inapita chini na kuacha tuta katikati ya sakafu. Ukitazama kutoka nje unaona gari la kimo cha mtu. Ukikaa ndani, miguu imenyooshwa mbele kwa sababu sakafu imepanda. Anayekaa katikati ya safu ya pili anaishia kupanga nyayo zake kushoto na kulia kwa lile tuta.

Kinyume chake ni Mini, kigari cha Kiingereza cha mwaka 1959. Mbunifu wake, Alec Issigonis, aliilaza injini kiupande, akasukuma magurudumu hadi pembeni kabisa, akapata gari la mita 3 na kidogo ambalo karibu asilimia 80 ya sakafu yake ni ya watu na mizigo. Karibu kila kigari cha leo kinafuata njia hiyo. Honda Fit ilipokuja mwaka 2001 ikaongeza mbinu nyingine: tangi la mafuta likahamishiwa chini ya siti za mbele, hivyo siti za nyuma zikaweza kuzama au kunyanyuka na kuacha uwazi unaomshangaza kila anayeufungua mara ya kwanza.

Ningetamani habari iishie hapo. Unanunua kidogo kwa nje, unapata kikubwa kwa ndani.

Ila sentimita zilizopewa abiria zimetoka mahali. Injini ikiwa imebanwa na magurudumu yakiwa kwenye pembe, kinachobaki mbele na nyuma kwa ajili ya kubonyea ni kidogo. Wahandisi wa magari madogo wanafanya kazi ya ajabu kwa vyuma vikali na mikanda mizuri, nami nawaheshimu sana. Hata hivyo, mwaka 2014 IIHS ilipojaribu vigari 11 kwa mgongano wa kona, ule unaogusa robo tu ya upana wa gari, ni kimoja, Chevrolet Spark, kilichofikia alama ya kukubalika.

Kabla mwenye gari la kifahari hajatabasamu: jaribio hilo lilipoanza mwaka 2012, saluni 11 za kifahari za ukubwa wa wastani ziliingizwa, na 3 tu ndizo zilizopata alama ya kukubalika au zaidi.

## Gari lililojaribu kupata vyote

Mercedes A-Class ya kwanza, ya mwaka 1997, ndilo gari lililonifundisha zaidi katika suala hili. Lilikuwa na urefu wa kama mita 3.6. Sakafu yake ilikuwa ya tabaka mbili, na injini ilikaa kwa mteremko ili ikigongwa kwa mbele iteleze chini ya miguu ya watu badala ya kuingia kwenye chumba. Kwa kuwa watu walikaa juu ya sakafu hiyo nene, magoti yalishuka chini badala ya kunyooka mbele, na nafasi ya ndani ikawa kama ya saluni iliyoizidi sana urefu.

Urefu mdogo, nafasi kubwa, ulinzi wa mbele uliobuniwa kwa akili. Nini tena?

Kimo. Gari lilikuwa la juu na jembamba. Mwezi wa Oktoba mwaka huo, jarida la Sweden, Teknikens Värld, lililiendesha katika jaribio la kukwepa kitu kilichotokea ghafla barabarani, kushoto kisha kulia. Likapinduka.

Kampuni ilisitisha uuzaji kwa muda, ikarekebisha shokomzoba na matairi, kisha ikaweka mfumo wa kielektroniki wa kuzuia gari lisiserereke, ESP, kwenye kila A-Class. Kigari cha familia kikapata kifaa ambacho hadi hapo kilikuwa cha magari ya wakubwa. Marekani baadaye iliufanya mfumo wa aina hiyo kuwa lazima kwa magari yote ya abiria, pamoja na SUV, kuanzia modeli za mwaka 2012.

Ninachokichukua hapo ni hiki: ukipandisha watu juu ili wapate nafasi, umepandisha na uzito wao. Anayetafuta gari la juu lililotumika, la miaka ambayo mfumo huo haukuwa wa lazima, aulize kwanza kama lina mfumo huo kabla ya kuuliza kama siti ni za ngozi.

## Safu ya pili haikupata kila kitu

Nilipofika hapa nilidhani ninajua pa kumpeleka dada: gari la wastani, lenye pua ndefu kiasi, watoto wote safu ya pili. Safu ya pili ndiyo tumezoea kuiita salama.

Kisha nikasoma matokeo ya jaribio ambalo IIHS ilianza kulitumia mwaka 2022. Ni mgongano wa mbele ule ule wa zamani, ila safari hii wakamkalisha sanamu wa kimo cha mtoto wa miaka 12, au mwanamke mfupi, nyuma ya dereva. SUV ndogo 15 zilijaribiwa. Mbili tu, Ford Escape na Volvo XC40, zilipata alama nzuri. Tisa zilipata alama mbaya.

Mwaka 2023 wakaleta magari ya familia yenye milango ya kuteleza, yale ambayo hakuna gari la abiria linaloyashinda kwa nafasi. Walijaribu manne. Hakuna hata moja lililofikia alama ya kukubalika.

Nilisimama hapo kwa muda mrefu. Magari yaliyobuniwa mahsusi kwa ajili ya watoto!

Chanzo chake si siri. Kwa miaka mingi majaribio ya mbele yalimwangalia dereva na abiria wa pembeni yake, na watengenezaji wakaboresha kilichokuwa kinapimwa. Mikanda ya mbele ilipewa kifaa kinachoukaza mkanda mara tu gari linapogonga, na kingine kinachoulegeza kidogo ili usivunje kifua. Mikanda ya nyuma katika magari mengi ilibaki kama ilivyokuwa. Kiti cha nyuma hakikuzidi hatari. Cha mbele ndicho kilichosonga kikakiacha. Na nisieleweke vibaya: mtoto mdogo bado anakaa nyuma, kwenye kiti chake. Hilo halijabadilika. Kilichobadilika ni swali ninalomuuliza muuzaji, kwamba mikanda ya nyuma ina kikazio au haina. Wengi hulisikia kwa mara ya kwanza.

Safu ya tatu haimo hata kwenye jaribio hilo.

## Nafasi nayo ni kinga

Nilikuwa nimeanza kuiona nafasi kama anasa inayoshindana na usalama. Kiti cha mtoto mchanga kilinirekebisha mtazamo.

Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 129 inataka mtoto aangalie nyuma mpaka angalau atimize miezi 15, na wataalamu wengi hupendekeza muda mrefu zaidi. Kiti hicho kinakula urefu. Kifunge kwenye gari dogo, halafu mketishe mtu mrefu mbele yake. Siti yake itasogezwa mbele mpaka magoti yaguse dashibodi. Hapo mtoto yuko sawa, ila mtu mzima ameletwa karibu na mfuko wa hewa na plastiki ngumu. Kwa dereva ushauri unaojulikana ni angalau sentimita 25 kati ya kifua na katikati ya usukani. Dereva mfupi anayelazimika kujisogeza ili afikie pedeli anahitaji usukani unaovutwa na kusukumwa, si ule wa kupanda na kushuka tu. Hiyo pia ni nafasi, ingawa haiandikwi kwenye jedwali lolote la lita.

Upana ndio mgumu zaidi. Viti vitatu vya watoto vyenye sentimita 44 kila kimoja vinadai sentimita 132 za siti, na bado kuna mkono wa mzazi unaotafuta kifungio cha mkanda kilichozama kati ya viti viwili. Mzazi aliyechoka, mvua inanyesha, mtoto analia: kifungio kisichofikika ni mkanda usiofungwa.

Na mizigo. Gari la watu saba likijaa watu saba, buti linabaki ufa. Mabegi yanahamia miguuni, mapajani, juu ya sehemu ya kuwekea kichwa. Begi la kilo 10 katika mgongano unaozalisha nguvu ya mara 30 linamjia aliye mbele yake kwa nguvu ya kilo 300. Saluni ina ukuta wa siti kati ya begi na mtu. Stesheni wagoni na SUV zinahitaji wavu, na wavu huo ni wa kwanza kupotea gari linapobadilisha mikono.

Vipimo vya lita za buti navyo visomwe kwa makini. Huko Ulaya hupimwa kwa kujaza matofali madogo ya lita moja moja, sentimita 20 kwa 10 kwa 5. Matofali hayo huingia kwenye kila pembe ambayo begi lako halitaingia, na baadhi ya namba huhesabu mpaka darini. Nenda na begi lako.

## Walio nje ya gari

Kuna wakati nilikaribia kuhitimisha kwa urahisi: nunua zito kadiri unavyoweza, liwe na chumba cha kutosha, mwisho.

Kilichonizuia ni kwamba uzito wangu ni tatizo la mtu mwingine. Zile kilomita 85 za gari jepesi hazikutoka hewani, zilitoka kwenye kilo za mwenzake. Tangu mwaka 2020 wapimaji wa Ulaya, Euro NCAP, wanalihesabu jambo hili: gari na kitoroli cha kilo 1,400 chenye pua inayobonyea vinaendeana kila kimoja kwa kilomita 50 kwa saa, na gari linalokiumiza kitoroli kupita kiasi hukatwa alama. Utafiti wa IIHS uliotolewa mwaka 2025 ulionyesha kwamba gari lililo chini ya uzito wa wastani likiongezewa kama kilo 225, dereva wake analindwa zaidi kwa kiasi kinachoonekana. Lililo juu ya wastani likiongezewa kilo hizo hizo, dereva wake hapati karibu chochote, na wanaokutana naye wanalipa.

Halafu kuna waendao kwa miguu. Katika utafiti wa mwaka 2023, taasisi hiyo hiyo ilikuta kwamba magari yenye boneti ya kimo cha zaidi ya mita moja yana uwezekano wa kama asilimia 45 zaidi wa kumuua mtembea kwa miguu anayegongwa kuliko yale yenye boneti ya sentimita 76 au chini, iliyoinama. Boneti ya chini inampiga mtu miguu, akaangukia juu yake. Ya juu inampiga kifua, na mtoto inampiga kichwa.

Watoto wa dada yangu hukaa ndani ya gari kwa sehemu ndogo ya siku. Muda mwingine wako kando ya barabara, wanavuka.

Kwa hiyo nimefika kwenye uzito wa wastani, pua yenye urefu wa kutosha na boneti ya chini, mikanda ya nyuma yenye vikazio, na safu mbili tu ikiwa idadi ya watu inaruhusu. Stesheni wagoni ya chini inayatimiza hayo kuliko SUV nyingi zinazoegeshwa pembeni yake, ingawa dereva anapoteza ule mwono wa mbali wa kukaa juu, na kwa Mama mwenye magoti yanayouma kuinama ili aingie ni kazi. Hilo la magoti sina jibu lake zuri. Nimemwambia dada kwamba Mama aje mwenyewe, akae, atoke, akae tena, na kama hawezi, tutaanza upya na gari lililoinuka kidogo lenye mfumo wa kuzuia kuserereka.